Maji yale ya karibu na Posta hayakuwa ya kuchota

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameandika kwa hasira kuhusu maji yaliyomwagika barabarani kutoka jengo moja la ghorofa karibu na Posta. Ilikuwa mwezi wa kumi, jua kali, mvua bado, na kwake robine ya Regideso, shirika la maji, inatoa upepo tu. Anasema mafundi waliwafukuza akina mama waliokuja mbio na beseni na bidoni, halafu, kana kwamba haitoshi, wakamwaga mara ya pili. Anauliza hiyo ni roho ya namna gani. Mimi sikuwepo, na jengo hilo silitunzi. Lakini kazi yangu ndiyo hiyo, mabomba ya kuzimia moto. Niliianza kwenye karakana za mgodi na sasa naifanya humu mjini. Naomba nafasi nimjibu.

Kuwafukuza wale mama, mafundi walikuwa na haki, ingawa wangeweza kutumia maneno ya adabu. Maji ya vinyunyizio, vile vichwa vidogo vya darini vinavyomwaga maji moto ukitokea, yanalala ndani ya chuma miezi na miezi. Yanatoka meusi, yana kutu, yana mafuta yaliyotumika kukata nyuzi za bomba, na harufu yake haitoki kwenye nguo upesi. Usiyafulie, usimnyweshe hata mbuzi. Tena bomba la kumwagia mara nyingi ni la inchi mbili, na likifunguliwa lote linaweza kumwangusha mtu mzima, sembuse mama aliyeinama na beseni mkononi. Kama ni mimi, kamba ingezungushwa kwanza, kijana mmoja angesimama kwenye lami, mwingine angeshuka chini ya jengo kuhakikisha maji hayarudi kwenye chumba cha umeme, ndipo valvu iguswe. Nayo hufunguliwa polepole na kufungwa polepole, maana ukiifunga kwa pupa maji yanagonga ndani ya bomba hadi viungo vinalegea.

Swali lake zuri ni hili: kwa nini kumwaga? Si manometa, ile saa ya kupimia msukumo wa maji, ipo ukutani, si waisome waende zao? Ndugu, manometa ya maji yaliyosimama inadanganya. Tuseme kuna mtu ameifunga valvu kubwa karibu yote, imebaki nafasi ya kupitisha kidole. Maji yakitulia, msukumo unalingana huku na huku, na sindano inasimama palepale ilipozoea kusimama. Kila mtu anaridhika. Siku ya moto ndipo mnagundua kwamba juu yanapanda matone. Kwa hiyo fundi anasoma sindano maji yakiwa yametulia, anafungua bomba la kumwagia mpaka mwisho, anangoja, anasoma tena yakiwa yanakimbia. Anaweka namba hizo karibu na zile za mwaka uliopita. Kanuni za Marekani ninazozifuata, NFPA 25, zinasema hivi: namba ya maji yanayokimbia ikipungua kwa asilimia 10 au zaidi, tafuta kilichoziba. Bila kumwaga hakuna namba ya pili, na bila namba ya pili manometa ni pambo la ukuta.

Kipimo kingine kinafanyika mwisho kabisa wa mabomba, kwenye valvu ndogo yenye tundu la ukubwa wa kinyunyizio kimoja. Unaifungua kana kwamba kichwa kimoja kimepasuka, unangoja king'ora. Dakika moja na nusu ikipita kimya, kuna kasoro. Kichwa cha kawaida cha milimita 15 kinatoa kama litri 80 kwa dakika kwa msukumo wa bar 1, na litri 160 kwa bar 4. Piga hesabu ya bar 4 kwa dakika moja na nusu: litri 240, bidoni 12 za litri 20. Najua bidoni 12 ni nini kwa mtu wa Katuba, sikatai. Ila moto ukianza kwenye ghorofa ya duka la vitambaa, gari la zimamoto litakuja na maji mengi kupita hayo, kama litapata njia kati ya teksi na mikokoteni.

Wengi wanaamini yale ya sinema, eti moshi kidogo na jengo zima linanyesha. Si hivyo. Kila kichwa kina kichupa chake cha kioo chenye kimiminiko. Chekundu hupasuka joto likifika digrii 68, na kinachomwaga ni kile kilichopashwa moto tu. Patroni mmoja wa depo aliwahi kunishika mkono akitaka niwashe kiberiti chini ya kichwa, aone pesa zake zimeenda wapi. Nilikataa. Kikishapasuka hakuna wa kukifunga kwa mkono, kinamwaga mpaka valvu ya chini ifungwe, na magunia yake ya unga yalikuwa chini yake, yamepangwa karibu yaguse dari. (Yanatakiwa kubaki kama sentimita 45 chini ya kichwa. Niliposema hivyo alicheka.)

Sasa kile kinachonitisha mimi. Katika takwimu za Marekani, pale vinyunyizio viliposhindwa kufanya kazi kwenye moto, zaidi ya mara moja kati ya mbili sababu ilikuwa kwamba mfumo ulikuwa umefungwa. Kwetu inatokea hivi: fundi amefunga valvu abadilishe kichwa kilichopakwa rangi, SNEL, shirika la umeme, inakata, giza linaingia, kila mtu anataka basi la mwisho. Asubuhi hakuna anayekumbuka. Ndiyo sababu ninapofunga naning'iniza kadi nyekundu kwenye gurudumu la valvu, na ninamwambia zamu wa usiku. Patroni anarudi kwake mtaa wa Golf jioni. Zamu ndiye anayebaki na jengo.

Na ukifungua tena, unamwaga tena, usome sindano, uone valvu imefunguka yote kweli. Kwa hiyo ile mara ya pili iliyomchoma roho msomaji wenu, mimi niliposoma nilifurahi. Inawezekana walikuwa wamefunga, wakafungua, na hawakutaka kuamini macho yao tu.

Lakini kuna mambo mawili ninayompa haki. Hakuona tangazo popote. Karatasi moja mlangoni, kwa Kiswahili na si kwa Kifaransa peke yake, ingetosha: leo king'ora kitalia, hakuna moto, msiguse maji. Zimamoto nao wapigiwe simu kabla. La pili, maji ya mara ya pili huwa yameshatakata, kwa sababu yale meusi yameshatoka. Si ya kunywa, ila ya kuosha sakafu na vyoo yanafaa. Wenye majengo wanunue mpira mnene, waufunge vizuri, wayarudishe kwenye tangi lao, si lile la maji ya kunywa.

Fundi wa mabomba,
Kampemba, Lubumbashi