Albamu ya Merle Haggard ipigwe yote

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi watangazaji wa vipindi vya muziki wa kantri, muziki wenye wapenzi wengi hapa Kenya, waipige albamu ya mwimbaji Mmarekani Merle Haggard iitwayo Okie from Muskogee yote, wasiishie kwenye wimbo uliobeba jina hilo. Ukisikika peke yake, wimbo huo humfanya msikilizaji aamini kwamba Haggard alikuwa mpiga debe wa vita vya Vietnam tu.

Albamu hiyo ilirekodiwa jukwaani mjini Muskogee, jimbo la Oklahoma, tarehe 10 Oktoba 1969, siku 5 tu kabla ya maandamano makubwa ya kupinga vita hivyo kufanyika kote Marekani. Ni kweli kwamba wimbo wenyewe unawasuta vijana wavuta bangi na wachoma kadi za kuitwa jeshini, na mimi siungi mkono suto hilo, kwa kuwa vijana wale walikuwa na haki ya kuikataa vita ile. Hata hivyo, neno "Okie" lilikuwa tusi. Ndilo walilotupiwa wakulima wa Oklahoma na majimbo jirani waliokimbilia California katika miaka ya 1930, baada ya ukame, dhoruba za vumbi na kuanguka kwa uchumi kuwang'oa katika mashamba yao. Wazazi wa Haggard walikuwa miongoni mwa wahamiaji hao, na yeye alizaliwa mwaka 1937 huko Oildale, karibu na Bakersfield, katika behewa la treni lililogeuzwa nyumba. Baba yake, mfanyakazi wa reli, alifariki mtoto akiwa na miaka 9. Kijana akapotoka hadi akafungwa katika gereza la San Quentin, alikotoka mwaka 1960. Mtu wa malezi hayo anaposimama katika jimbo la wazazi wake na kujiita Okie kwa fahari, shangwe tunayoisikia kwenye rekodi ni ya watu waliorudishiwa heshima yao, na uzalendo wao hauwezi kueleweka bila dharau waliyoionja kwanza.

Nyimbo nyingine za albamu zinathibitisha hilo. Workin' Man Blues unamhusu kibarua mwenye mke na watoto 9 asiyetaka kuishi kwa msaada wa serikali. Branded Man, mfungwa aliyemaliza kifungo lakini bado anaandamwa na jina la uhalifu.

Tena, Haggard alitamani kufuatisha Okie kwa Irma Jackson, wimbo wa mapenzi kati ya mwanamume mzungu na mwanamke mweusi, lakini kampuni yake ya kurekodi haikuafiki, na wimbo ukatoka mwaka 1972. Naomba watangazaji wetu waucheze huo pia, na kabla ya kuucheza Okie wawaeleze wasikilizaji, kwa Kiswahili, neno hilo lilikuwa na maana gani.

Mpenzi wa kantri,
Nakuru