Tundu lililokufa thredi halizibwi kwa silikoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu ushauri aliopewa wiki iliyopita msomaji ambaye Volkswagen yake ya zamani, ile ya umbo la kobe, huacha doa la oili kila inapoegeshwa. Aliambiwa kwamba gari la umri huo halikosi kuvuja, hivyo atumie oili nzito zaidi na kupaka silikoni chini ya injini. Ninalo gari la aina hiyo la mwaka 1968, na ushauri huo niliufuata kwa miaka miwili bila mafanikio.

Injini hiyo haina chujio la kubadilisha kama la magari ya leo. Ina chujio la wavu kwa chini, lililozibwa kwa sahani ndogo ya duara yenye nati sita, ambazo hufunguliwa kila oili inapomwagwa ili wavu usafishwe. Nati hizo hukaza kwenye boliti zisizo na kichwa, ambazo mafundi huziita stadi, nazo zimepandwa katika bodi ya injini iliyotengenezwa kwa aloi ya magnesi, ambayo ni laini kuliko chuma cha stadi zenyewe. Kiwango cha kukaza nati hizo ni nyutoni-mita 7 tu. Kwa asiye na spana ya kupimia, hiyo ni karibu sawa na uzito wa dumu la maji la lita 5 ukivuta kwenye spana yenye urefu wa sentimita 14. Fundi anayekaza kwa nguvu za bega, akidhani kwamba kukaza zaidi ndiko kuziba zaidi, hung'oa thredi, yaani mifereji ya skrubu iliyo ndani ya tundu la stadi, na tangu siku hiyo nati huzunguka bila kushika.

Lakini kabla ya kulaumu tundu, chanzo kithibitishwe, kwa sababu oili inayodondokea hapo inaweza kuwa imeanzia juu, kwenye mabomba ya fito za valvu au sili ya upande wa gia. Mimi niliosha injini kwa mafuta ya taa, nikaikausha, nikaipaka poda ya mtoto, nikaiwasha kwa dakika kumi. Mstari wa oili ulianza kwenye stadi moja. Fundi wangu wa awali, ambaye simtaji kwa kuwa kosa lake ni la wengi, alikuwa ameizungushia utepe mweupe wa mabomba ya maji.

Tiba ni kulipatia tundu thredi mpya. Njia moja ni kulipanua kwa keekee, kukata thredi kubwa kidogo kwa tapu maalumu, kisha kupandisha ndani yake koili ya chuma cha pua ambayo kwa ndani hurudisha kipimo kilekile cha milimita 6. Njia ya pili, niliyoichagua, ni stadi ya hatua, yaani yenye milimita 8 upande unaoingia kwenye injini na milimita 6 upande wa nati, na kwa namna hiyo sahani haihitaji kuguswa. Mchonga vyuma yeyote mwenye mashine nzuri anaweza kuichonga. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba tundu likiwa limetoboka hadi ndani ya injini, oili hupenya ikifuata mzunguko wa thredi zenyewe, hata zikiwa mpya, na koili ndiyo hupitisha zaidi. Kwa hiyo ni lazima zipakwe gundi ya thredi inayohimili oili, na iachwe ikauke kabisa. Tapu ipakwe grisi nzito ili ishike vumbi la kukata, na ndani paoshwe kabla ya chujio kurudishwa. Wanaopendekeza kuchomelea tundu likiwa kwenye gari wakumbuke kwamba magnesi hushika moto, na moto wake ukimwagiwa maji huzidi.

Sahani nayo itazamwe. Yangu ilikuwa imepinda kuzunguka kila tundu kwa sababu ya kukazwa mno, nikainyoosha kwa nyundo juu ya chuma bapa. Gasketi za karatasi ni mbili, moja juu ya wavu na nyingine chini yake, na kila nati huwekewa washa mpya ya shaba. Silikoni haina kazi hapo. Inayozidi husukumwa kwa ndani, humeguka na kuziba wavu.

Oili nzito haiponyi thredi. Tena injini hii hubeba lita 2.5 tu, na kwa kuwa haina rejeta ya maji, oili hiyo hiyo husaidia kuipoza, kiasi kwamba kupungua kwa nusu lita, ambako gari jingine lingekuvumilia, hapa ni hatari. Aina hii ilishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, katika barabara ambazo sisi wa leo tungezikimbia; sidhani kama ilifika kwa kupakwa silikoni.

Namwomba msomaji mwenzangu aanze na poda, na akishatengeneza, azikague nati baada ya kilomita chache. Akizikuta kavu, asiziguse.

Mwenye Volkswagen ya 1968,
Tanga