Barua kwa Baba kuhusu timu isiyofunga

Iowa City, Januari 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wewe na Mama mkiwa wazima, na kwamba goti la Mama limepungua maumivu. Mimi sijambo. Theluji imefunika hadi njia ya kwenda kituo cha basi, lakini mwili umeshazoea.

Baba, tangu tulipoongea Jumapili sijatulia. Uliniambia ni mechi ya sita sasa timu haijaona bao, watu wa kijiweni wanakusema, na umeshaamua: washambuliaji huna, na yule winga wa kulia, mtoto wa mama muuza vitumbua, unamwacha. Kwenye simu niliitikia "sawa Baba", maana mzazi hakatizwi. Moyoni sikuitikia. Ndiyo maana nimekaa niandike, niseme taratibu.

Hapa mjini kuna timu ya chuo kikuu, Iowa, inayocheza ule mpira wa Kimarekani wa kofia ngumu. Uwanja wao, Kinnick, unachukua watu karibu 70,000, na Jumamosi ya mechi mji mzima huvaa njano na nyeusi. Hospitali ya watoto iko jirani kabisa na uwanja. Robo ya kwanza ikiisha, uwanja wote hugeuka na kuwapungia mikono watoto wagonjwa walio madirishani juu. Mara ya kwanza kuliona jambo hilo nililia, Baba, nakwambia kweli.

Mchezo wenyewe uko hivi. Timu inapewa majaribio manne kusogeza mpira yadi 10, kama mita tisa. Ikifaulu inapewa manne mengine, na hivyo hivyo mpaka ifike mwisho wa uwanja na kupata pointi 6. Ikiona haitafika, inaupiga mpira mbali kwa mguu na kumwachia mpinzani aanzie kwake. Wanaoshambulia na wanaolinda ni vikosi viwili tofauti, kila kimoja na mwalimu wake. Hapo ndipo penye somo, kwa sababu inaonekana wazi nani amefanya nini.

Iowa walikuwa na walinzi wa kutisha na ushambuliaji uliokufa. Nilipokuwa mgeni, Septemba 2022, waliifunga South Dakota State 7 kwa 3 bila mtu wao hata mmoja kuvuka na mpira mstari wa mwisho. Walipata pointi 3 za mkwaju wa mguu, na mara mbili walinzi wakamwangusha mpinzani ndani ya eneo lake mwenyewe, pointi 2 kila mara. Msimu ule walikuwa na wastani wa pointi 17.7 kwa mechi, na kwa yadi za kushambulia walikuwa wa 130 kati ya timu 131 za daraja la juu. Na bado walishinda mechi nane.

Kocha mkuu ni Kirk Ferentz, yupo hapo tangu 1999. Aliyesimamia ushambuliaji ni Brian Ferentz, mwanawe wa kumzaa. Kwa kuwa chuo hakiruhusu mtu kumsimamia ndugu yake, Brian aliwajibika kwa mkurugenzi wa michezo badala ya baba yake. Mwanzoni mwa 2023 mkataba wake ukaandikwa upya: mshahara ukashuka kutoka dola 900,000 hadi 850,000, na akapewa masharti mawili, timu ishinde angalau mechi saba na ifikishe wastani wa pointi 25. Hata pointi ambazo walinzi wangeleta zingehesabiwa. Ikawa kila wiki watu wanapiga hesabu hadharani, pointi za baba na mwana.

Ligi ilipoanza, mjadala ulikuwa ule ule wa kijiweni kwenu. Jirani yangu, mzee mmoja kutoka Bukavu (hapa tuko Waswahili wengi, hasa Wakongomani), alimtetea kocha kwa nguvu zote. "Mtoto hana wachezaji," alikuwa akisema, "unga ukikwisha utamlaumu mpishi?" Na haki alikuwa nayo kiasi. Yule mrusha mpira wao mkuu, wenyewe wanamwita kotabeki, alikuwa Cade McNamara, aliyeiongoza timu ya chuo cha Michigan kutwaa ubingwa wa Big Ten, ligi ya vyuo wanayocheza na Iowa, mwaka 2021. Mwishoni mwa Septemba 2023 goti lake likaharibika, msimu ukaishia hapo. Wadakaji wawili wakubwa, Luke Lachey na Erick All, nao wakaumia. Kocha gani asingeyumba? Nisingependa tumwonee mtu.

Msimu ule mchezaji aliyeimbwa kuliko wote alikuwa Tory Taylor, Mwaustralia kutoka Melbourne, ambaye kazi yake ni kuupiga mpira mbali timu inaposhindwa kusonga. Aliupiga mara 93, jumla yadi 4,479, zaidi ya kilomita nne, rekodi ya vyuo vyote kwa msimu mmoja. Fikiria, Baba, timu ambayo nyota wake ni yule anayeitwa wenzake wakishakwama.

Oktoba 30 chuo kikatangaza kwamba Brian ataondoka msimu ukiisha. Walishinda mechi 10, lakini fainali ya Big Ten walifungwa 26 kwa 0 na Michigan, na mechi ya mwisho 35 kwa 0 na Tennessee. Wastani ukaishia pointi 15.4. Nilimhurumia sana yule baba pembeni ya uwanja.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika ile timu ya 2022 kulikuwa na kijana anaitwa Sam LaPorta. Nafasi yake ni ya kukinga wenzake na pia kudaka. Msimu wote alivuka mstari na mpira mara moja tu. Mtu akitazama karatasi atasema huyu wa kawaida. Mwaka uliofuata akaenda kwa wakubwa wa ligi ya kulipwa, timu ya Detroit Lions, akakuta mwalimu anayemsogeza huku na kule, anayemtafutia nafasi kabla mpira haujaanza. Alidaka mara 86, rekodi ya wakati ule kwa mchezaji mgeni wa nafasi yake, na akafunga mara 10. Miguu ile ile, Baba. Mikono ile ile. Na alikuwa anacheza na wanaume walio hodari kuliko wale wa chuoni.

Mzee wa Bukavu nilipomweleza hayo alinyamaza, kisha akasema pale Detroit mrusha mpira pia ni mzuri. Kweli, ni mzuri. Ila mwaka 2024 ukatupa jibu jingine, hapa hapa nyumbani. Alikuja mwalimu mpya wa ushambuliaji, Tim Lester, kocha mkuu akiwa yule yule. Mkimbiaji Kaleb Johnson alikuwapo tangu 2022, na mwaka 2023, ambao naye aliumia, alipata yadi 463 tu. Chini ya Lester alikimbia yadi 1,537 na kufunga mara 21 kwa mbio. Timu ikafikia pointi zaidi ya 27 kwa mechi. Lester hakuleta miujiza, maana pasi zao zilibaki dhaifu na McNamara akaumia tena. Alichofanya ni kuwasogeza wachezaji kabla mchezo haujaanza, walinzi wa upande wa pili wakawa wanababaika kujua mpira unakwenda wapi, na hapo Johnson akapata uchochoro.

Sisemi kipaji si kitu. Iowa wangekuwa na kotabeki mzima wangefika mbali zaidi. Ninachosema ni kwamba mchezaji ambaye hajawahi kuwekwa mahali pake, hatuwezi bado kujua ana kiasi gani.

Kwa hiyo naomba unisikilize kuhusu yule kijana. Nilipokuja likizo nilimwona akicheza. Anakimbia akiwa na nafasi mbele yake, akiuchukua mpira pembeni. Tangu straika wako ahamie Dodoma umempanga yeye namba tisa, peke yake, kalipa goli mgongo, halafu mabeki wanambutulia mipira ya juu. Ni mfupi kuliko kila beki wa kata zile. Nimejaribu kuhesabu ni mara ngapi kwa mechi anapewa mpira chini, kwenye njia, kwa jinsi mdogo wangu anavyonisimulia, na hazifiki tatu. Nisamehe Baba kama nimevuka mpaka. Wewe ndiye uliyenifundisha kupiga mpira, na ulinifundisha pale pale nilipokuwa na uwezo, ukanitoa golini ukanipeleka kiungo kwa sababu uliona sipendi kusimama. Nakumbuka siku ile kama jana.

Mrudishe kulia, hata kwa mechi mbili. Mbele msimamishe yule beki mrefu, akae tu na kusumbua. Mwambie kiungo asimpigie mguuni, amtangulizie. Ikishindikana, basi muache, na mimi sitafungua mdomo tena.

Nimetuma pesa kidogo kwa simu. Nusu ni dawa za Mama, nusu nunueni mipira miwili, ile ya zamani imepasuka. Mdogo wangu aniandikie matokeo ya Jumamosi, na aniandikie pia yule kijana alicheza wapi.

Msalimie Mama, Bibi, na majirani wote.

Mwanao akupendaye.