Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tujue Metali Tunayoiweka Kinywani

Ndugu wanachama,

Habari za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema tu kwamba ada zinachelewa, na wanaozichelewesha wanajijua.

Mwezi Machi mwenzetu mmoja alituletea mezani kiungo cha implanti (skrubu ya metali ndani ya taya inayobeba jino bandia) alichokitoa kwa mgonjwa. Skrubu ya titani ilibaki imara ndani ya taya. Kilichoharibika ni kiungo cha juu, kinachounganisha skrubu na jino, kilichosubiwa kwa aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya nikeli na kromi. Pale kilipogusana na titani palikuwa peusi, na ufizi wa mgonjwa ulivuja damu kila ulipoguswa. Mama yule mgonjwa havai hereni za bei rahisi, zinamwasha masikio: dalili kwamba nikeli haimpatani. Hakuna aliyemuuliza.

Tumezoea kuisifu titani tu. Ni kweli inastahili: mwaka 1952 Brånemark, daktari mtafiti wa Sweden, alishindwa kuing'oa kwenye mfupa wa sungura, na mgonjwa wake wa kwanza, aliyewekewa mwaka 1965, alizikwa mwaka 2006 na implanti zake bado zinafanya kazi. Lakini kinachoilinda ni utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu. Ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe, ila floridi ikikutana na asidi huudhoofisha. Na metali mbili tofauti zikigusana ndani ya mate huwa kama betri ndogo: ile dhaifu huliwa, na nikeli huingia kwenye ufizi. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yule.

Kwenye mkutano wa Julai wengine walitaka tuikatae Ti-6Al-4V, aloi ya titani yenye alumini na vanadi, kwa sababu ya vanadi hiyo, ambayo ioni zake hudhuru seli kwenye majaribio ya maabara. Nilipinga, na bado napinga. Aloi hiyo nayo ina utando wake, ina nguvu kuliko titani safi, na mifupa huipokea. Asiyeitaka atumie titani safi ya daraja la 4, au aloi ya titani na zirkoni kwa implanti nyembamba.

Ninachokiogopa mimi ni boksi lisilo na karatasi. Tulipokea moja limeandikwa "titani" basi: halina daraja, halina namba ya toleo, wala ISO 5832, kiwango cha kimataifa cha metali za implanti. Muuzaji akatuambia chuma ni chuma. Tukalirudisha. Bei ilikuwa nzuri, na wapo walioninunia mpaka leo.

Kamati inaleta mambo matatu yapigiwe kura. Kila kazi itokayo maabara iandikwe jina la aloi na namba ya toleo, nakala abaki nayo mgonjwa. Fomu ya mgonjwa iwe na swali la hereni, saa na vifungo vya suruali. Tusisubu tena viungo vya implanti kwa aloi yenye nikeli, hata mteja akilalamikia gharama. Hili la tatu najua litaleta kelele. Mafundi wa maabara, njooni na hesabu zenu.

Mwenyekiti