Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo wa Kaunti ya Lamu: tuzialike timu za kabadi za wanawake wa Afrika Mashariki

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kaunti anayesimamia Michezo,
Makao Makuu ya Serikali ya Kaunti ya Lamu,
Mokowe.

Mheshimiwa,

KUH: OMBI LA LAMU KUWA MWENYEJI WA MASHINDANO YA KABADI YA WANAWAKE BAINA YA TIMU ZA TAIFA

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuandikia nikiwa mwalimu mstaafu wa michezo na mkazi wa Langoni. Nimeamua kuiandika barua hii hadharani kwa sababu jambo lenyewe linawahusu pia wazazi, maimamu, wenye nyumba za wageni na vijana wenyewe, ambao bila ridhaa yao halitasimama. Ombi langu ni kwamba kaunti yetu ijitolee kuzipokea timu za taifa za wanawake za Kenya, Uganda na Zanzibar, pamoja na jirani mwingine yeyote aliye na timu, kwa mashindano mafupi ya kabadi yatakayochezwa hapa Amu, yaani mji wa Lamu.

Novemba 2025, Kombe la Dunia la Kabadi la Wanawake lilichezwa Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, na India ikalitwaa kwa kuishinda Taiwan pointi 35 kwa 28 katika fainali. Mimi, hata hivyo, macho yangu yalibaki kwenye orodha ya washiriki. Timu zilikuwa 11, na tatu kati ya hizo, yaani Kenya, Uganda na Zanzibar, zilitoka kwetu Afrika Mashariki. Kombe la Dunia la wanaume lililofanyika Ahmedabad mwaka 2016 lilikuwa na timu 12, na Kenya ndiyo iliyokuwa nchi pekee ya Afrika. Miaka miwili baadaye, katika mashindano ya Dubai yaliyokutanisha mataifa sita, Kenya ilikuwa tena peke yake kutoka bara hili. Mchezo umeshaingia kwetu na wanawake ndio walioushika. Kinachokosekana ni mahali pa majirani hawa, ambao wangeweza kufikiana kwa basi na kwa boti, kukutana na kupimana nguvu mara kwa mara badala ya kungoja Kombe la Dunia lililo ng'ambo ya bahari, ambako hufika na kukabiliana na Wahindi na Wairani waliocheza mechi nyingi kuliko wao.

Kwa kuwa barua hii itasomwa na wengi wasioujua mchezo wenyewe, naomba uniruhusu niueleze. Kabadi huchezwa na timu mbili za watu saba, kila moja ikilinda nusu yake ya uwanja. Mshambuliaji mmoja huvuka mstari wa kati peke yake huku akitamka "kabadi, kabadi" mfululizo bila kuvuta pumzi nyingine, na ndani ya sekunde 30 anatakiwa amguse mlinzi mmoja au zaidi kisha arudi upande wake. Akirudi salama, wote aliowagusa hutoka nje na timu yake hupata pointi kwa kila mmoja wao. Akikamatwa na kuzuiwa asirudi, hutoka yeye na pointi huenda kwa walinzi. Aliyetolewa hurudishwa uwanjani wenzake wanapomtoa mpinzani, na timu ikitolewa yote, wapinzani huongezewa pointi mbili. Walinzi hushikana mikono wawili wawili, wakimzunguka mgeni kidogo kidogo mpaka mmoja apate nafasi ya kumdaka kifundo cha mguu. Nguvu peke yake haifui dafu hapa. Mshambuliaji hodari huangalia miguu ya walinzi na kujua ni nani aliyeegemea vibaya, huku akihesabu moyoni pumzi aliyobakiwa nayo na hatua zinazomtenga na mstari. Nimefundisha kandanda na voliboli, na bado naamini kwamba kabadi humfunza kijana jambo ambalo michezo hiyo humfunza polepole zaidi, nalo ni kuamua haraka akiwa peke yake mbele ya watu saba, akijua kwamba kila kosa lake litalipwa na wenzake.

Mheshimiwa, mchezo huu unaifaa Lamu kwa sababu zilizo wazi kabisa. Ya kwanza ni ardhi. Uwanja wa kabadi wa wanaume ni mita 13 kwa 10, na wa wanawake ni mita 12 kwa 8, ilhali uwanja kamili wa mpira wa mita 105 kwa 68 ungeweza kumeza viwanja vya kabadi zaidi ya 50. Katika mji wa mawe ambao nyumba zake zimeshikana na vichochoro vyake ni vya kupita punda, na ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia, hatuwezi kubomoa chochote kutafuta nafasi ya kuchezea. Uwanja wa Twaif unagombaniwa na kila timu ya mpira. Mita za mraba 96, lakini, zinapatikana Faza, zinapatikana Matondoni, na zinapatikana katika uwanja wa takriban kila shule ya msingi ya kaunti hii. Mchezo hauhitaji mpira, wavu, wala fimbo. Kijana maskini wa kisiwa cha Ndau na kijana wa tajiri wa mtaa wa Mkomani huingia uwanjani wakiwa sawa.

Ya pili ni pumzi. Vijana wa Kizingitini na Ndau huzamia kamba mawe bila mitungi ya hewa, na wadogo zao hukua wakishindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu zaidi. Shela kuna mchanga wa kilomita nyingi ambao humjenga miguu yeyote anayeukimbilia alfajiri. Watoto wetu wanavyo tayari vitu ambavyo walimu wa kabadi wa mijini hutumia miezi kuvijenga, na sioni sababu ya kipaji hicho kuishia majini wakati timu ya taifa inatafuta wachezaji.

Sasa nije kwenye suala la wasichana, maana najua ndilo litakaloulizwa kwanza barazani. Wako wazazi watakaosema kwamba mchezo wa kushikana hauwafai mabinti wa Kiislamu, na hofu yao naiheshimu kwa sababu inatokana na kutaka kuwahifadhi watoto wao. Nawaomba waitazame Iran. Katika Michezo ya Asia ya mwaka 2018 nchini Indonesia, wanawake wa Iran walicheza wakiwa wamefunika nywele, mikono na miguu, na katika fainali wakaishinda India pointi 27 kwa 24, India ambayo ilikuwa imetwaa dhahabu zote mbili tangu kabadi ya wanawake iingizwe kwenye michezo hiyo mwaka 2010. Mwalimu wao alikuwa mwanamke kutoka India, Shailaja Jain. Mavazi yao ya heshima hayakuwapunguzia kasi wala ustadi. Wachezaji wanaoshikana ni wanawake kwa wanawake, waamuzi wanaweza kuwa wanawake, na hapa kwetu tunaweza kwenda mbali zaidi kwa kutenga sehemu ya kina mama ya kutazamia na kuwataka wapiga picha wapate kibali kwanza. Hayo yakiandikwa mapema katika masharti ya mashindano, naamini mabaraza ya wazee na maimamu wetu watakuwa watetezi wa jambo hili.

Kuhusu mahali, napendekeza ua wa ndani wa Ngome ya Lamu upimwe kwanza. Una kuta pande zote, unapata kivuli, na uko hatua chache kutoka uwanja wa Mkunguni, ingawa itabidi kuomba idhini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya ambayo ndiyo inayoitunza ngome hiyo. Ua usipotosha, ukumbi wa shule wenye sakafu iliyosawazika utafaa.

Wakati una uzito wake pia. Wengi watapendekeza tuyaunganishe mashindano na Tamasha la Utamaduni, ambalo kwa kawaida hufanyika Novemba, na mimi sikubaliani nao. Novemba ni mvua za vuli, ni wiki za mitihani ya kidato cha nne, na nyumba za wageni huwa zimejaa. Napendekeza Januari, kaskazi ikiwa imetulia na bahari ya Mokowe na Manda ikipitika bila taabu, wakati wasichana waliomaliza mitihani wako nyumbani na hawajui la kufanya. Miaka hii Ramadhani inatangulia kuelekea Januari, kwa hiyo tarehe zipangwe kwa kuangalia kalenda zote mbili.

Gharama iliyo kubwa kwa upande wetu ni mikeka. Mashindano ya mataifa huchezwa juu ya mikeka minene ya sponji ngumu inayoungwa vipande kwa vipande, na mchezaji aliyezoea mchanga pekee hupata shida anapoikanyaga, kwa kuwa mchanga huteleza chini ya mguu na mkeka huushika. Mwili uliozoea kuanguka pwani lazima ujifunze upya. Seti moja ya uwanja mmoja ingetosha kwa mashindano, na baada ya wageni kuondoka ingebaki mali ya vijana wetu, ikazungushwa kwa boti kutoka Amu hadi Faza na kwa barabara hadi Hindi na Mpeketoni. Hapo ndipo ninapoiona hasa faida ya ombi langu. Wageni watakaa siku chache. Mikeka itakaa miaka.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti shughuli na vifaa vya michezo, kwa hiyo ununuzi huo uko ndani ya mamlaka yako. Kualika timu za taifa ni jambo jingine, kwa kuwa timu hizo ziko chini ya mashirikisho yao, na ndiyo maana naomba ofisi yako iliandikie shirikisho la kabadi la nchi yetu barua rasmi ya kujitolea, ikieleza mahali, majira, malazi na usafiri wa boti tutakaoutoa, kisha shirikisho ndilo liwaandikie wenzake wa Kampala na Unguja. Zanzibar na Lamu tuna udugu wa damu, wa lugha na wa jahazi, na sina shaka kwamba mwaliko huo ungepokewa kwa furaha.

Siombi uwanja mpya, wala siombi kwamba fedha za mpira wa miguu zipunguzwe. Nafahamu pia kwamba wapo watakaouliza kuhusu usalama wa barabara ya Garsen hadi Mokowe, na jibu la swali hilo liwe mikononi mwa kamati ya usalama ya kaunti kabla ya tarehe yoyote kutangazwa. Timu zinaweza kuletwa kwa ndege hadi Manda ikiwa kamati itashauri hivyo.

Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti hutakiwa kufikishwa kwenye Bunge la Kaunti kabla ya kupita tarehe 1 Septemba. Naomba seti hiyo ya mikeka iingizwe humo, chini ya bajeti ya michezo, na naomba suala la mashindano lijadiliwe katika vikao vya kukusanya maoni ya wananchi Amu na Faza, na wasichana waalikwe kusema wenyewe. Niko tayari kuja Mokowe siku yoyote utakayoniita, na kuwafundisha bila malipo walimu watakaochaguliwa, mpaka kaunti itakapompata mkufunzi aliyesomea mchezo huu.

Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu wa michezo,
Langoni, Lamu.