Udahili umefutwa kwa sababu ya hati ya jina: twende Mahakama Kuu au tusubiri dirisha la Julai?

Ndugu Mhariri,

Sisi ni wasaidizi wa kisheria hapa Moshi. Tunaomba ushauri wa mawakili na maofisa udahili wanaosoma ukurasa huu kuhusu binti wa miaka 22, mwenyeji wa Kibosho. Chuo kikuu kimoja cha umma, kilicho nje ya mkoa wetu, kilifuta udahili wake Novemba kwa maelezo kwamba nyaraka zake zilichelewa. Wazazi wake wako tayari kwenda mahakamani. Sisi tunataka kujua kwanza watapata nini huko.

Chanzo ni majina, kama ilivyo kwa vijana wengi wa Kilimanjaro. Cheti chake cha kuzaliwa kina jina la ubatizo, jina la baba na jina la ukoo. Shuleni aliandikishwa kwa jina la babu mahali pa ukoo, na hilo ndilo lililofika Baraza la Mitihani, likatokea kwenye cheti cha kidato cha nne na baadaye kwenye stashahada. Mtu ni mmoja, makaratasi yanasema ni wawili.

Fomu ya maelekezo ya kujiunga iliyotolewa na chuo chenyewe inasema mwenye majina yanayotofautiana alete hati ya kiapo au hati ya kubadili jina. Neno "au" lipo, limechapwa. Binti akaapa mbele ya wakili na kupakia kiapo kwenye mfumo tarehe 24 Oktoba, na mfumo ukamjibu kwamba kimepokelewa. Usajili ulikuwa unafungwa tarehe 8 Novemba. Tarehe 4 ikaja barua pepe: kiapo hakitoshi, leta hati ya kubadili jina iliyosajiliwa.

Hati hiyo haipatikani kwa siku nne. Wakili anaiandaa, mhusika anasaini mbele yake, inalipiwa ushuru wa stempu, kisha inapelekwa kwa Msajili wa Hati kwenye ofisi za ardhi ipewe namba. Jina la zamani lisipofanana herufi kwa herufi na lililo kwenye cheti, inarudishwa. Yake ilirudishwa: mchapaji aliweka R pale cheti kina L. Ikatoka tarehe 13, akaipakia siku hiyohiyo. Lakini tarehe 11 chuo kilikuwa kimeshamtumia barua ya kufuta udahili. Barua ina sentensi mbili, haitaji kanuni yoyote, na hakuna aliyemuuliza kilichomkwamisha.

Hasara ni kubwa kuliko inavyoonekana. Alichaguliwa na vyuo viwili, akathibitisha hiki kwa ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu, na kwa kuthibitisha akaiachia nafasi ya pili. Mkopo wa elimu ya juu nao ulikuwa umepangwa kwa chuo hikihiki. Inauma, kwa sababu alifuata kila alichoandikiwa.

Ushahidi upo. Kuna picha za skrini zenye tarehe na saa, barua pepe zote, risiti za ofisi ya ardhi, na nakala ya barua ya malalamiko kwa Makamu Mkuu wa Chuo iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo tunaisisitiza kwa kila anayekuja ofisini, maana malalamiko ya simu hayaachi alama. Barua pepe tumemkataza kuzifuta au kubadilisha simu, kwa kuwa chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 mahakama hutazama namna taarifa ilivyotengenezwa na kutunzwa kabla ya kuipa uzito.

Sasa kwenye sheria. Kwa chuo cha umma njia tunayoiona ni mapitio ya kimahakama, yaani kumwomba jaji akague uamuzi wa chombo cha umma, chini ya Sura ya 310 ya Sheria za Tanzania na Kanuni zake za 2014. Kwanza unaomba kibali kwa jaji, ukiambatanisha maelezo na kiapo, ndani ya miezi sita tangu uamuzi ulipotolewa. Ukipewa, una siku 14 za kuwasilisha maombi yenyewe. Hoja tunazo: kunyimwa haki ya kusikilizwa, ambayo Katiba inailinda katika Ibara ya 13(6)(a), na matarajio halali yaliyojengwa na fomu ya chuo chenyewe. Ibara ya 11 inayotaja elimu hatuitegemei, kwa sababu imo katika sehemu ambayo Ibara ya 7(2) inazuia kutekelezwa mahakamani.

Tatizo letu ni kwamba mapitio hayampi mtu nafasi darasani. Jaji haangalii kama binti anastahili kudahiliwa. Anaangalia kama uamuzi ulifikiwa kwa haki. Akiutengua, jambo linarudi chuoni likaamuliwe upya, na huko muhula wa kwanza umeshapita. Kesi ya kawaida ya madai ni mbaya zaidi, kwani inadai notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wapo wanaotushauri tuombe zuio la Mareva, yaani amri ya muda ya mahakama inayoombwa kabla kesi yenyewe haijafunguliwa, wakati notisi inahesabika. Sisi tunasita, maana zuio hulinda kilichopo, na hapa nafasi imeshafutwa.

Kwa hiyo tunauliza. Chuo kiliijibu barua ya malalamiko kwa mstari mmoja kwamba "linafanyiwa kazi", kisha kimya. Je, miezi sita ihesabiwe tangu tarehe 11 Novemba, yaani mwisho wake ni Mei, au kuna aliyefanikiwa kuihesabu tangu majibu ya rufaa ya ndani, yaani malalamiko kama hayo? Na tukienda Mei bila majibu hayo, tutaambiwa hatukumaliza njia za ndani?

Pili, maombi yafunguliwe Mahakama Kuu Moshi, anakoishi na alikopokea uamuzi, au kule chuo kiliko? Nauli ya wakili kwa kila tarehe ni mzigo ambao familia hii haiwezi kuubeba, na sisi kisheria haturuhusiwi kusimama mahakamani.

Tatu, na hili ndilo linalotunyima usingizi: akiomba upya dirisha litakapofunguliwa Julai, chuo hakitasema shauri halina maana tena? Hatuwezi kumwambia akose mwaka mwingine kwa ajili ya kulinda kesi.

Maofisa udahili nao watusaidie. Kanuni tulizosoma zinaruhusu kuahirisha masomo kwa aliyekwisha kusajiliwa tu. Je, seneti ina uwezo wa kumhamishia mwaka ujao mtu ambaye usajili wake ulikwama mlangoni? Kama upo, barua iandikwe kwa nani, na iambatanishwe na nini? Hati ya kubadili jina anayo sasa, imesajiliwa, na majina yote mawili yamo.

Wasaidizi wa kisheria,
Moshi