Pimeni maji ya Oktoba

Mpendwa Mwalimu,

Kamwene! Barua imenifika, na furaha yako nimeiona tangu mstari wa kwanza. Kumbe kijiji kimekubali kuchanga ili maporomoko yenu yatoe umeme! Hongereni sana. Ila pale uliposema fundi alipima maji mwezi wa Aprili akasema yanatosha, nimeshtuka. Aprili mto gani wa Njombe haujai? Arudi Oktoba, vinyungu, zile bustani za mabondeni, vinapomwagiliwa na mawe ya mtoni yanaonekana.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua lita zinazopita kwa sekunde, zidisha kwa mita za maporomoko, kisha kwa 9.81; jibu ni wati. Lita 100 zikishuka mita 20 ni wati 19,620. Toa zinazopotea kwenye bomba, turbini (gurudumu linalozungushwa na maji) na jenereta, mtabaki na kilowati kama 10 au 12. Hizo zinawasha taa za nyumba nyingi na kuchaji simu. Mashine ya kusaga nayo itazunguka, lakini mchana, si saa moja jioni kila mtu amewasha taa. Sasa fikiria kiangazi lita zimebaki 30: mna kilowati tatu tu, na michango imeshaliwa na turbini kubwa.

Bwawa hamhitaji. Banio dogo linachepusha maji, yanazungusha turbini, yanarudi mtoni. Watu wanaoishi chini zaidi mtoni hawapotezi kitu, isipokuwa wenye vinyungu kati ya banio na mtambo. Hao kaeni nao kabla hamjachimba mfereji, tena kabla ya kwenda ofisi ya maji ya bonde kuomba kibali cha kutumia maji.

Nendeni pia Mawengi, Ludewa. Wana mtambo wa kilowati 300 unaosimamiwa na jumuiya ya watumiaji wenyewe, LUMAMA. Turbini mtaonyeshwa tu. Nyie ombeni daftari la fedha. Nani anakusanya, asiyelipa anakatiwa lini, akiba ya matengenezo inakaa wapi? Miradi mingi hufia hapo, maji yakiwa bado yanatiririka.

Na ile milingoti, yaani mikaratusi, ya jirani yako pale kwenye chemchemi, najua ni mzee wa watu na mbao zina bei. Lakini inakunywa maji ya mtambo wenu. Wewe anakusikiliza, zungumza naye.

Oktoba niandikie lita tu, hesabu nitapiga mimi. Wasalimie nyumbani.

Rafiki yako